Darizi Safi Juu ya Flisi Nzito

Flisi nzito humeza uzi. Ni kitambaa cha poliesta kilichofumwa, kisha kikasuguliwa kwa brashi za waya hadi manyoya mafupi yakasimama. Manyoya hayo hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayomtia mvaaji joto. Lakini sindano ikipita juu yake, mshono huzama kama kokoto kwenye nyasi ndefu, na herufi iliyochorwa vizuri hutoka bila kingo.

Kitambaa chenyewe si cha zamani. Kilianza kutengenezwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na leo ni vazi la kazi katika nyanda za juu za Tanzania. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kutoka hapo barabara hupita lango la Lodoare na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Kipupwe kinapofika, kati ya Juni na Agosti, ukungu hufunika ukingo huo asubuhi nzima, na magari ya watalii huondoka Karatu alfajiri. Dereva, mwongozaji na mpishi wa kambi huvaa jaketi la flisi, na upande wa kushoto wa kifua hukaa nembo ya mwajiri.

Nembo hiyo hupimwa kwa usafi wake, na usafi huanza kabla sindano haijagusa kitambaa. Mchoro hutayarishwa kwenye kompyuta, ambako kila mstari hugeuzwa njia ya sindano. Mfano mzuri ni faru, mnyama anayependwa sana kwenye nembo za huko. Pembe yake ikiachwa nyembamba chini ya milimita moja, hupotea ndani ya manyoya. Mikunjo ya ngozi ikichorwa yote, mwili hugeuka kuwa bonge gumu la nyuzi. Fundi hodari huinenepesha pembe, huifuta mikunjo na kuliacha umbo la mwili liseme lenyewe. Herufi nazo hupewa kimo cha angalau milimita sita. Kuna ujasiri katika kufuta huko, hasa mteja anapotaka kila kitu kionekane.

Mchoro ukishakubaliwa, huja mishono ya msingi, ambayo hakuna mnunuzi atakayeiona. Hupita kwanza, myepesi na ya kukatizana, ikiyalaza manyoya na kuifunga flisi kwenye karatasi ya kudarizia iliyo chini yake. Bila msingi huo, mshono wa satini unaofuata huvuta kitambaa na duara hutoka limebonyea. Karatasi hiyo iwe ya kukatwa kwa mkasi, si ya kuchanwa, kwa sababu flisi hunyumbuka na inahitaji kitu cha kuishikilia maisha yake yote. Juu ya kitambaa hutandazwa nailoni laini inayoyeyuka kwa maji, na nyuzi hukaa juu yake badala ya kuzama.

Flisi nzito haibanwi kwenye fremu, kwani fremu huacha alama ya duara isiyotoka kirahisi. Hubanwa karatasi peke yake, na jaketi hulazwa juu yake kwa gundi ya kupulizia au pini zilizo mbali na njia ya sindano. Sindano huwa ya ncha ya mviringo, ili isikate nyuzi za kitambaa. Mashine inayoweza kupiga mishono 1,000 kwa dakika hupunguzwa hadi 600 hivi. Umeme ukikatika katikati, fundi huirudisha nyuma mishono kadhaa kabla ya kuendelea, pasibaki pengo.

Wadarizi wa kofia wa Unguja na Lamu hufanya kazi kwa mkono kwenye pamba nyembamba, ambako kila tundu huonekana. Fundi wa flisi hana faida hiyo, naye anastahili heshima ileile.

Mwishoni nailoni huchanwa, mabaki hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na karatasi ya nyuma hukatwa karibu na mishono. Pasi ya moto haipiti hapo, maana poliesta huyeyuka. Mwenye hoteli anayeagiza sare ampe fundi kwanza kipande cha flisi ileile, kidariziwe, kifuliwe na kukaushwa, ndipo aagize majaketi mengine.