L'Enfant: Jina Adimu Huhesabiwaje?

Kila siku maelfu ya abiria wa treni za Metro jijini Washington hutangaziwa jina moja la Kifaransa: L'Enfant Plaza. Njia tano kati ya sita za Metro hupita kituoni hapo, kwa hiyo aishiye Alexandria au katikati ya jiji amelizoea kama alivyozoea mlio wa milango ikifungwa. Lakini waulize abiria hao kama wanamjua jirani, mwalimu au mfanyakazi mwenzao aitwaye hivyo. Wengi watakosa wa kumtaja.

Naona jina hili ndilo la kuanzia kwa yeyote anayefuatilia asili ya jina la ukoo wake, wakiwamo wenzetu wa Afrika Mashariki waishio eneo hili, ambao huliingiza jina katika kompyuta na kujibiwa kwamba ni adimu. Kabla ya kulikubali jibu hilo, tujue limepatikanaje. Hoja yangu ni hii: uadimu wa jina huamuliwa kwanza na mkono ulioliandika, pili na chujio la aliyelihesabu. Habari za damu hufuata baada ya hayo mawili.

Tuanze na umbo la jina. Kwa Kifaransa *enfant* ni mtoto, na ile L' ya mwanzo ni kibainishi, kidude ambacho nomino za Kiswahili hazina. Jina lilianza kama lakabu. Vijiji vya Ufaransa vya Zama za Kati vilikuwa na kina Pierre na kina Jean wengi, ikabidi watofautishwe kwa kazi, umbo, tabia au nafasi ya mtu nyumbani. Mhunzi akawa Lefebvre, mrefu akawa Legrand, mwingine akawa Lenfant. Kibainishi kugandana na neno ni tabia ya majina ya kaskazini zaidi. Kusini mhunzi yuleyule huitwa Fabre. Basi hata kabla ya kufungua daftari, umbo la jina limeshatuelekeza upande mmoja wa nchi.

Mwaka 1539 Mfalme François I aliamuru makasisi watunze orodha za ubatizo. Sheria ya kumkataza raia kutumia jina tofauti na lililo katika hati yake ya kuzaliwa ilikuja Agosti 1794. Katika miaka 255 iliyo kati ya amri hizo, karani aliandika alichokisikia, na familia moja iliweza kuwa na tahajia mbili tatu bila kuvunja sheria yoyote. Pierre Charles L'Enfant alizaliwa Paris tarehe 2 Agosti 1754, ndani ya kipindi hicho. Baba yake, mchoraji wa picha za vita, huandikwa Lenfant mahali pamoja na L'Enfant mahali pengine.

Kijana huyo alivuka bahari mwaka 1777 kuwapigania Wamarekani katika vita vyao vya uhuru. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora, na Septemba 1778 Jenerali George Washington, akimwandikia afisa Mfaransa Lafayette, alitaja picha yake iliyochorwa na kijana huyo. Jina aliliandika *Lanfang*. Sikio la Virginia lilipokea sauti ya Paris likaiandika lilivyoweza. Mwaka 1791 L'Enfant alichora ramani ya mji mkuu mpya, na juu yake likaandikwa jina Peter Charles L'Enfant. Pierre alikuwa ameshajifanya Peter. Mtu mmoja, majina mawili ya kwanza, tahajia tatu za ukoo. Atakayetafuta tahajia moja tu atampata kwa sehemu, kisha atasema jina ni adimu.

Dawa ya tatizo hili ilibuniwa na Robert Russell na Margaret Odell, katika hataza za mwaka 1918 na 1922: mfumo wa Soundex. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliutumia kutengeneza faharasa za sensa za zamani, kwa sababu Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 iliwataka wazee wathibitishe umri, na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Chukua karatasi na kalamu tuufanye. Iache herufi ya kwanza kama ilivyo. Futa irabu zote, pamoja na h, w na y. B, f, p na v ziwe 1; c, g, j, k, q, s, x na z ziwe 2; d na t ziwe 3; l iwe 4; m na n ziwe 5; r iwe 6. Herufi za tarakimu moja zikifuatana bila irabu kati yake, hesabu moja. Ukifika tarakimu tatu, simama. Zikipungua, jazia sifuri.

Lenfant: L inabaki, n ni 5, f ni 1, n ni 5. Tunapata L515. Sasa Lanfang ya Washington: L, kisha n, f, n. L515 tena. Kosa la jenerali limerudi nyumbani lenyewe.

Mfumo una mipaka yake. Karani akichomeka g moja katikati, Langfang, msimbo unakuwa L521, na mtu wetu anahamia droo nyingine. Karani akikiona kibainishi kuwa si sehemu ya jina, Enfant huwa E515. Ndiyo maana wazoefu wa nyaraka hutafuta jina lenye kibainishi mara mbili: pamoja nacho na bila yake.

Hata hivyo hakuna msimbo unaoweza kufufua jina ambalo halikuandikwa. Sensa za Marekani za 1790 hadi 1840 zilitaja mkuu wa kaya tu. Waliobaki walikuwa tarakimu katika safu. L'Enfant alimalizia maisha yake akihifadhiwa na familia ya Digges katika kaunti ya Prince George's, Maryland, akafia katika shamba lao la Green Hill tarehe 14 Juni 1825. Mgeni wa namna hiyo alihesabiwa bila kutajwa. Waliotendewa vibaya zaidi ni watumwa: hata katika sensa za 1850 na 1860, chini ya jina la bwana waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Majina yao yalianza kuandikwa kama ya wengine mwaka 1870. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, jina "lisilopatikana" ni jina lililonyimwa wino.

Kisha kuna moto. Mei 1871, katika machafuko ya uasi wa Komuni ya Paris, madaftari ya vizazi ya mji huo ya kabla ya 1860 yaliteketea, pamoja na nakala zake zilizotunzwa jengo jingine. Januari 1921 moto wa jengo la Wizara ya Biashara jijini Washington uliharibu sehemu kubwa ya sensa ya 1890. Miji miwili ya L'Enfant, na yote miwili ina pengo lenye majivu.

Sasa chujio. Ofisi ya Sensa ya Marekani iko Suitland, katika kaunti ileile ya Prince George's alikofia L'Enfant. Orodha yake ya majina ya ukoo ya sensa ya 2010 ina majina 162,253, yote yenye watu 100 au zaidi. Nje ya orodha yapo mamilioni ya maumbo mengine; zaidi ya nusu ya maumbo yote yalitokea mara moja tu, na mengi ni makosa ya uandishi. Orodha hiyo pia huondoa ritifaa: L'Enfant na Lenfant huangukia mstari mmoja, kama Nyong'o anavyokuwa Nyongo. Ufaransa, taasisi ya takwimu INSEE huhesabu waliozaliwa kuanzia 1891 hadi 2000, na majina yenye vizazi chini ya 30 huyatia kapu moja. Marekani inahesabu watu walio hai siku ya sensa. Ufaransa inajumlisha vizazi vya miaka 110. Anayezilinganisha nafasi za jina katika orodha hizo mbili anapima maji kwa rula.

Umaarufu wa L'Enfant nao ni jambo jingine kabisa. Hakuoa wala hakuacha mtoto, na mali aliyoiacha ilithaminiwa kwa dola 46 hivi. Mwaka 1909 mabaki yake yalifukuliwa, yakalazwa kwa heshima katika jengo la Bunge, yakazikwa Arlington. Balozi wa Ufaransa, Jean Jules Jusserand, akalieneza tena jina Pierre. Uwanja wenye jina lake ulifunguliwa 1968, kituo cha Metro 1977, na sanamu yake ikaingia Bungeni 2022. Serikali ndiyo iliyolikuza jina hili, ukoo haukuwapo. Eneo hilihili lilikuwa pia na Dk. Claude Lenfant, mzaliwa wa Paris, aliyeongoza taasisi ya taifa ya moyo, mapafu na damu huko Bethesda kuanzia 1982 hadi 2003. Jina lake halina ritifaa. Kufanana kwa jina si hati ya undugu.

Tulipime hili kwetu. Hamisi wa Tanga na Khamis wa Unguja ni jina moja, lakini Soundex inampa wa kwanza H520 na wa pili K520. Hamza, ambaye ni mwingine kabisa, naye anapewa H520. Chombo kilichomrudisha Lanfang nyumbani kinawatenganisha ndugu wetu na kuwachanganya wageni, kwa kuwa kilitengenezwa kwa masikio mengine.

Basi kabla ya kuandika jina moja katika kisanduku cha fomu, mpigie simu bibi au babu. Muulize jina lilivyoandikwa katika cheti cha shule, hati ya shamba, kitabu cha msikiti au cha kanisa, na liandike kila umbo kama lilivyo, na makosa yake. Washington alikosea herufi mbili, na ni kwa sababu kosa lake lilihifadhiwa kwamba leo tunajua alikuwa akimtaja nani.