Komeo la Juu

W. W. Jacobs alizaliwa Wapping, London, mwaka 1863, mtoto wa msimamizi wa gati, na enzi zake alisifika kwa visa vya kuchekesha vya mabaharia na watu wa bandarini. Lakini katika mkusanyiko wake wa mwaka 1902, The Lady of the Barge, aliweka hadithi fupi ya taharuki ambayo imewapita umri wasomaji wake wote wa kwanza: The Monkey's Paw. Kila nikiirudia nazidi kumheshimu kwa jambo moja. Alijua cha kumnyima msomaji.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mzee White, mkewe na kijana wao Herbert wanatembelewa na sajini-meja aliyerudi kutoka India na kiganja cha nyani kilichokaushwa. Mtawa mmoja wa huko alikifanyia uganga ili kuonyesha kwamba maisha ya binadamu yanaendeshwa na majaliwa, na kwamba anayeyaingilia atajuta. Kinawapa watu watatu maombi matatu kila mmoja. Mzee anaomba pauni 200, amalizie deni la nyumba. Siku inayofuata Herbert ananaswa na mashine kazini, anakufa, na kampuni inawapa wazazi mkono wa pole. Kiasi chake ni pauni 200.

Mwandishi mwenye pupa angeishia hapo na kujipongeza. Kwa Jacobs ndiyo kwanza kazi inaanza.

Tazama alivyofungua. Usiku wa mvua, baba na mwana wanacheza sataranji. Baba anagundua, muda umeshapita, kwamba amefanya kosa litakalommaliza, basi anaanza kuzungumzia upepo ili mwanawe asilione. Ukisoma mara ya kwanza unaupita mstari huo. Mara ya pili unakushtua, maana hatima ya nyumba ile imekwisha chezwa ubaoni kabla kiganja hakijatajwa. Na sajini-meja anapoulizwa kama yeye alipata maombi yake matatu, anajibu kwamba aliyapata, glasi ikigonga meno yake. Aliomba nini? Hatuambiwi. Tunachoambiwa ni kwamba mtu aliyemtangulia, ombi lake la tatu lilikuwa kifo.

Kisha anakuja mleta habari. Aliyewahi kutumwa kupeleka taarifa ya msiba nyumbani kwa watu ataijua hali ile: mgeni mwenye kofia mpya ya hariri anafika getini, anasita, anapita. Anasita tena. Mara tatu. Ya nne ndipo anaingia. Mama anamwona dirishani, anavua aproni upesi na kuificha chini ya mto wa kiti, kwa kuwa anadhani huenda mgeni ameleta fedha. Aproni ile inaniumiza kuliko mashine. Hata hiyo mashine hatuonyeshwi, wala mwili. Baadaye sana baba anamwambia mkewe kwamba alimtambua kijana kwa nguo zake tu, na sentensi hiyo moja inatosha, kwa sababu usiku huohuo mama amemlazimisha kutumia ombi la pili: mwana wao awe hai tena. Wamemzika makaburini, maili mbili kutoka nyumbani, na siku kumi zimepita tangu afe.

Hapo ndipo mlango unapogongwa.

Jacobs anatuacha gizani kabisa. Mshumaa umekwisha, kiberiti kimemzimikia mzee ngazini. Mama anashuka mbio kumfungulia mwanawe. Anafungua mnyororo, anavuta komeo la chini, lakini la juu halifikii, basi anaburuta kiti. Baba yuko chumbani, kapiga magoti, anapapasa sakafu akitafuta kiganja. Sauti za kugonga, kiti kikikwaruza, komeo likilia: tumebakiwa na masikio tu. Na moyo wetu umegawanyika, maana wote wawili wana haki. Mama anataka mwanawe kwa hali yoyote ile. Baba, ambaye aliuona mwili, anampenda kijana huyohuyo na anajua lazima arudishwe kaburini. Anakipata kiganja, anatamka ombi la tatu, na maneno yake hayakuandikwa.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa hupekua mpaka kila fumbo linapata jawabu lake la kibinadamu, na raha ya riwaya ile iko hapohapo. Jacobs anafuata njia nyingine. Mashine huua watu, kampuni hutoa fidia, na mlango unaweza kugongwa usiku na yeyote. Anayetaka kusema ni sadfa hana cha kumzuia, na anayeamini majaliwa vilevile. Mlango unapofunguliwa, barabara ni tupu, na ushahidi nao umetoweka.

Tunao waandishi wengi wa taharuki leo, magazetini na kwenye simu, na wengi wao huharakisha kutuonyesha maiti. Nawaomba waisome hadithi hii kwa sauti, polepole, kuanzia sataranji mpaka komeo la juu, na wahesabu ni mara ngapi Jacobs angeweza kutuonyesha Herbert aliyekufa. Hakufanya hivyo hata mara moja.