Jua la mdomoni: Oktoba ya 2023 na vuli iliyofuata

Barazani kwetu Wete wameanza tena. Kila kusi ikianza kuchoka, mtu hutoa simu, akaonesha ramani ya rangi rangi, akasema vuli hii itakuwa ya jua, na wenye karafuu mtini wakaitikia "inshallah" kwa sauti moja. Mimi hunywa kahawa yangu nikanyamaza. Juzi nilishindwa, kwa sababu aliyetoa simu alileta hoja kwamba watabiri hawaaminiki, maana 2023 "walisema El Niño, kisha wakasema hakuna". Nikaweka kikombe chini. Waliosema hakuna ndio waliokosea, bwana, na walikosea pale ambapo mtabiri hana ruhusa ya kukosea.

Wasomaji wa safu hii mliifuata vuli ile siku kwa siku, kwa hiyo sirudii yote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitoa utabiri mwishoni mwa Agosti: mvua za wastani hadi juu ya wastani, na El Niño ikatajwa kwa jina. Haikutetereka, na mvua ikaja. Kazi safi.

Jambo lililoniudhi lilitokea mapema Oktoba, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Wananchi walikuwa wameshatahadharishwa kuhusu mvua kubwa. Kisha Rais William Ruto akawaambia kwamba wataalamu wa hali ya hewa wamerekebisha utabiri wao: mvua zitakuwa nyingi, lakini hazitafika kiwango cha kuharibu kama ilivyohofiwa. Redio na magazeti yakaikata kauli hiyo mkia na kichwa, yakabakisha maneno mawili: hakuna El Niño. Maneno hayo mawili yalivuka Mkondo wa Pemba kabla jua halijatua.

Msiniulize Pemba inahusika vipi na kauli ya Nairobi. Nusu ya nyumba za hapa zina mtu Mombasa. Mimi nina shemeji. Alinipigia mwenyewe: "Shemeji, anikeni bila wasiwasi, rais keshasema." Mke wangu, ambaye ni dadake, akacheka akasema kaka yake tangu lini akajua kuanika. Lakini tuliitaka habari ile, ndiyo kweli yenyewe. Karafuu inataka jua kali la siku tatu, nne, tano mfululizo. Ukiipata siku moja ya jua na mbili za mawingu, inaanza kuvunda, inapoteza rangi, na ukifika nayo kituoni mnunuzi anaichota kwa kiganja, anaiangalia, anakuangalia. Basi kila Mpemba mwenye shamba ni shabiki wa hali ya hewa, na kila shabiki ana timu yake: sisi timu yetu ni jua.

Sasa tuichambue kauli ile kama tunavyochambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku.

Utabiri wa msimu ni hesabu ya jumla. Unachukua miezi mitatu, Oktoba hadi Disemba, unailinganisha na wastani wa miaka 30. Ikizidi asilimia 125 ya wastani, tunaita juu ya wastani. Ikiwa chini ya asilimia 75, chini ya wastani. Katikati ni wastani. Basi. Utabiri huo haujui usiku wa Jumanne. Haujui kalvati la barabara limezibwa na taka, wala kwamba watu wamejenga bondeni. Msimu unaweza kumalizika ukiwa na jumla ya kawaida kabisa huku usiku mmoja ndani yake umebeba nyumba. Kwa hiyo mtu anaposema Oktoba kwamba mvua ya msimu mzima haitafika kiwango cha kuharibu, anatoa ahadi ambayo hakuna chombo duniani kinachoweza kumsaidia kuitimiza. Kuharibu si kipimo cha mvua. Mvua hupimwa kwa milimita. Kuharibu ni mvua ikikutana na mtaro, na mwanasayansi wa hewa hana mamlaka juu ya mtaro.

Hilo peke yake lingetosha kuiangusha kauli. Lakini kuna la pili, nalo ni chuki yangu ya zamani: mwaka 1997. Kila El Niño inayokuja hupimwa kwa 1997, kama kila mshambuliaji chipukizi anavyopimwa kwa yule aliyestaafu. Ni kweli 1997 ilikuwa balaa, mvua iliunganisha vuli na mwanzo wa 1998, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ikakatika, homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Sasa mtu akikwambia "haitakuwa kama 1997", amekwambia nini? Amekwambia haitakuwa mbaya kupita zote. Baina ya mbaya kupita zote na salama kuna nafasi ya kuzika watu wengi.

Kidonda cha 2015 nacho kilikuwa bado kibichi. Mwaka ule El Niño ya Pasifiki ilikuwa miongoni mwa kubwa zilizowahi kupimwa, serikali zikatenga fedha, watu wakasubiri gharika, na mvua haikufika walipotisha. Tangu hapo kila mtabiri wa Afrika Mashariki anaogopa kuchekwa. Nawaelewa. Ila somo la 2015 halikuwa "punguzeni maneno". Lilikuwa "tazameni bahari ya mlangoni".

Hapa naomba nitulie kidogo, maana ndipo palipo na utamu.

El Niño ni habari ya Pasifiki. Inatufikia sisi ikiwa imepita kwa jirani, na jirani ni Bahari ya Hindi. Vuli ya pwani yetu inaamuliwa zaidi na daipoli ya Bahari ya Hindi, jina lililoanza kutumika 1999 baada ya Saji na wenzake huko Japani kuchapisha kazi yao. Maji ya upande wetu yakipata joto na ya upande wa Sumatra yakapoa, mawingu yanahama. Indonesia na Australia wanakauka, sisi tunalowa. Upepo badala ya kukimbilia mashariki unatugeukia, matlai inakuja imebeba maji. Ukitaka ushahidi chukua 1961: mafuriko makubwa Afrika Mashariki yote, Ziwa Victoria likapanda kupita mita moja, na El Niño haikuwepo. Chukua 2019: Pasifiki imetulia, daipoli imepanda kuliko miaka mingi iliyotangulia, vuli ikamwagika mpaka watu wakasahau jua. Chukua 2015 yenyewe: Pasifiki inachemka, daipoli ya wastani tu, mvua ya wastani tu. Na 1997? Vyote viwili kwa pamoja. Mtoto wa darasa la saba akiona orodha hiyo atakwambia pa kutazama.

Sasa rudini mapema Oktoba 2023, mwone kilichokuwa mezani. Watabiri wa Australia huhesabu daipoli kuwa imeanza kipimo kikipita digrii 0.4. Siku zile kilishapita digrii 1 na bado kilikuwa kinapanda. Pasifiki nayo ilikuwa na El Niño kamili. Mara ya mwisho kuviona viwili hivyo vikikaa pamoja kwa nguvu kiasi kile, ni lini? Ndiyo, 1997, ule mwaka wenyewe. Na isitoshe, tuko kwenye vuli. Masika ndiyo yenye ukaidi, masika inamtoa jasho kila mtabiri na nikimwona amekosea namsamehe. Vuli inafuata bahari kama mtoto anavyofuata shuka la mama yake sokoni. Kukosea vuli wakati bahari inapiga kelele namna ile ni kupewa penalti kipa akiwa ameanguka, ukapiga nje.

Kilichofuata mnakijua. Novemba Garissa, Mandera, mto Tana, kisha Mombasa yenyewe ikafurika. Waliokufa Kenya walipita 100. Somalia vilevile. Huku kwetu bara, tarehe 3 Disemba, mlima Hanang uliporomokea Katesh. Hili la Hanang siliweki kwenye hesabu ya kauli ya Oktoba, maana Tanzania utabiri ulikuwepo na tahadhari zilikuwepo; nimelitaja ili mtu asinambie tena barazani kwamba El Niño ile haikuja.

Na sisi Wete? Tulimsikiliza shemeji. Siku moja ya Novemba tuliacha karafuu kwenye majamvi uani, watu wote tukaenda shamba kuchuma, turubali limekunjwa ndani, kwa sababu rais keshasema. Saa nane mchana wingu lilitoka upande wa bahari ya mashariki, si jeusi hata, la kijivu hivi. Tulirudi mbio. Karafuu zilikuwa zinaelea juu ya jamvi kama dagaa. Shemeji alipopatikana simuni, wiki hiyo hiyo, alikuwa yeye mwenyewe amepandisha godoro juu ya kabati. Tangu hapo hataji neno El Niño, na mimi simkumbushi, labda siku za sikukuu.

Nisemeje kuhusu watu wa zamani bila kuonekana nimezeeka? Nitasema tu. Marehemu Profesa Laban Ogallo wa Nairobi, aliyekiongoza kituo cha hali ya hewa cha kanda kilichokuja kuwa ICPAC, alitumia miaka yake kuonesha kwa takwimu jinsi mvua zetu zinavyofungamana na bahari. Shule hiyo ilikuwepo mjini mle mle. Na kabla yake walikuwepo wazee wa kalenda ya Nairuzi, waliohesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za ziada. Nahodha mmoja wa Kojani niliyemkuta utotoni alikuwa hasemi "itanyesha" wala "haitanyesha". Ukimuuliza vuli alitazama upepo wa alfajiri, akasema kaskazi bado haijashika, tanga msilikunje. Yaani alikupa hali ilivyo na la kufanya, basi. Alikuwa hajui neno asilimia, lakini hakuwahi kumwahidi mtu jua.

Sitaki kudanganya kwamba Nairuzi ingeiona daipoli ya 2023. Isingeiona. Kalenda haioni bahari ikipata joto. Ninachokisifu ni adabu ya kauli.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, nimalizie na lile ambalo mhariri ameniomba mara ngapi niliache. Kila msimu tunasomewa utabiri wa pwani ya kaskazini: kaskazini mwa mkoa wa Morogoro, Pwani na visiwa vya Mafia, Dar es Salaam, Tanga, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Kapu moja! Morogoro na Pemba. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyoungana na bara. Baina yetu na bara kuna mkondo unaoshuka kama mita 800. Hata humu ndani, Wete hunyeshewa Micheweni ikiangalia. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliuona mpaka ambao ramani haiuoni: kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikazivunja meli za Sultan Barghash, na Pemba kikaipita kando kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwetu. Historia nzima ya uchumi wa kisiwa hiki imeandikwa na tofauti ya hewa baina ya visiwa viwili, na bado tunasomewa mstari mmoja na Kilosa ya Morogoro.

Nawajua watakaojibu kwamba vituo vya kupimia ni vichache na utabiri wa msimu hauwezi kushuka mpaka kisiwa kimoja kimoja. Sawa. Semeni hivyo basi kwenye taarifa, kwamba kwa Pemba uhakika ni mdogo zaidi, tujue turubali likae wapi.

Alama zangu za vuli ya 2023, kwa wanaoziweka: TMA, nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ajili ya Morogoro. Magazeti yaliyobakisha maneno mawili, mbili. Kauli ya Oktoba, sifuri, na haipandi hata nikiisoma upya. Yule wa barazani mwenye simu nimempa kazi: aje kesho aniambie daipoli imesimama wapi wiki hii, ndipo tuzungumze habari ya jua.