Sindano za Geresha: Ujerumani Ilivyoipima Akupancha

Mwaka 1027, enzi ya Song nchini China, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba za binadamu, zikiwa na tundu kila palipo na nukta ya kudunga sindano. Inasimuliwa kwamba sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi wa akupancha alidunga; maji yasipotoka, kakosea.

Kwa nini nukta ilithaminiwa hivyo? Tiba hii inashikilia kwamba nguvu iitwayo qi hupita mwilini katika mikondo mikuu 12, na mkondo ukikwama mtu huugua. Sindano nyembamba hudungwa ili kuuzibua. Siku hizi wengi huifuata kwa ajili ya mgongo, magoti na kichwa. Wengine hudungwa mkononi, juu kidogo ya kifundo, kuzuia kichefuchefu baada ya upasuaji.

Kuipima ni kazi ngumu. Kidonge bandia hufanana na cha kweli, lakini aliyedungwa sindano na ambaye hakudungwa kila mmoja anajijua. Watafiti wa Ujerumani, katika majaribio yaitwayo GERAC, walitafuta njia ya kumpa mgonjwa sindano za geresha. Waliwachukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilidungwa kwenye nukta za Kichina, kina cha milimita 5 hadi 40, mpaka mgonjwa ahisi uzito au ganzi. La pili lilidungwa juujuu, milimita 1 hadi 3, mahali pasipo na nukta yoyote. La tatu lilipata dawa, mazoezi na fiziotherapia.

Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu ya kutosha. Kundi la geresha? Asilimia 44.2. La tatu, 27.4 tu.

Kwa mgonjwa, hiyo ni habari njema. Kwa nadharia ya mikondo ni pigo, maana hata yule aliyeshindwa mtihani wa Wang Weiyi angetibu karibu sawa na bingwa. Lakini ushindi dhidi ya kundi la tatu nao usishangiliwe mno: wale walijua wamenyimwa sindano, na wengi walikuwa wameugua kwa miaka wakitumia matibabu yaleyale. Kukata tamaa nako huongeza maumivu.

Bima za umma za Ujerumani hazikujali ubishi wa nukta. Tangu Januari 2007 zinalipia akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo na goti. Kichwa kiliachwa nje.

Anayetaka kuijaribu ahakikishe sindano ni mpya na pakiti inafunguliwa mbele yake. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea au mkojo kushindwa kuzuilika, aende hospitali kwanza.