Pupu: Kosa Liko Kwenye Mtutu

Pupu zenyewe, bunduki zinazoundwa uani, mnazijua. Kila walinzi wa hifadhi za Upemba au Kundelungu wanapokamata majangili, huzilaza chini kwa safu, mitutu upande huu, matako upande ule, na picha hupigwa. Wengi huhesabu idadi. Anayetazama ufundi huhesabu vingine: ubao, mtambo na mtutu, kazi tatu katika chombo kimoja. Ubao wa mulombwa hauna lawama, kwani mti huo ukishakauka hauvimbi wala haupindi ovyo. Mtambo nao mara nyingi ni mzuri, na wakati mwingine unashangaza. Kisha jicho linafika kwenye mtutu, na hapo sifa zote zinakatika, kwa uamuzi mmoja uliofanywa kabla hata tupa haijashikwa: fundi aliona kwamba bomba lolote lenye tundu la kutosha ni mtutu. Bomba si mtutu. Anayelifanya mtutu anatega mtego, na wa kwanza kunaswa ni yule aliyeweka shavu lake juu ya ubao.

Inafaa tulitazame bomba lenyewe kwa karibu, maana hapa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, tunajua linakotoka. Malori ya shaba yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia si yote yanayofika. Mengine hufia njiani na kuishia kuwa vyuma chakavu, na katika vyuma hivyo kinachotamaniwa kuliko vyote ni bomba la usukani, kwa kuwa limenyooka na linasifiwa kwa ugumu. Lishike, elekeza tundu kwenye mwanga. Mtutu halisi hukuonyesha duara ndani ya duara, kivuli kikizunguka sawasawa hadi mwisho. Bomba la chuma chakavu mara nyingi hukuonyesha mstari mmoja mwembamba ulionyooka toka mdomoni hadi shinani, mfano wa kovu. Huo ni mshono wa kiwandani, pale bati lilipokunjwa na kingo zake mbili zikachomelewa. Ligeuze uone shina, yaani nyuma kunakokaa baruti. Palipozibwa kwa moto wa kuchomelea pana pete ya rangi, buluu inayofifia kuwa rangi ya majani makavu, ishara kwamba chuma kilipata joto la kukibadilisha tabia. Kwa hiyo sehemu inayobeba kishindo kikubwa kuliko zote ndiyo ambayo fundi ameivuruga kwa mkono wake mwenyewe.

Mtetezi wake atasema usukani wa lori la tani 30 hauwezi kuwa chuma dhaifu. Ni kweli, si dhaifu kwa kazi yake. Mhandisi aliyeupima aliwaza juu ya msokoto: dereva anazungusha, magurudumu yanakataa, bomba linasokotwa katikati. Baruti haisokoti. Baruti husukuma kutoka ndani kwenda nje, pande zote kwa mara moja, na bomba lenye shinikizo ndani yake hupasuka kwa urefu, yaani sambamba na ule mshono. Mshono umekaa palepale nguvu inapotafuta njia. Tena unene wa bomba ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, ilhali kila mtutu uliotengenezwa na anayejua huwa mnene shinani na mwembamba mdomoni, kwa kuwa shinikizo hupungua kadiri risasi inavyosonga mbele. Fundi wa pupu amebeba uzito usiohitajika mbele, na nyuma amekosa chuma kilichohitajika.

Wazee walilijua hili, na hapa ndipo ninapowaonea uchungu wafua vyuma wa Wachokwe. Karne ya 19 hapakuwa na mikono kama yao kuanzia Angola hadi kingo za Katanga. Bunduki ya gumegume ikivunjika walitengeneza kamani upya, wakafua nyundo, wakachonga ubao mpya na kuupigia misumari ya shaba ya manjano kwa mapambo ambayo makumbusho ya Ulaya yanayalipia ghali. Historia inawataja kuwa waliweza kutengeneza sehemu zote za bunduki isipokuwa moja, na moja hiyo ni mtutu. Wengi husoma jambo hilo kama upungufu. Mimi nalisoma kama hukumu ya fundi. Mtu anayeweza kuipa kamani ugumu usiokatika na ulaini usiolegea anajua chuma kuliko wengi wetu, na ujuzi huohuo ndio uliomwambia asimame wapi. Mtutu ulikuja na msafara, ukahamishwa kutoka ubao uliooza kwenda ubao mpya, ukarithiwa. Hata sanamu za Chibinda Ilunga, mwindaji shujaa kutoka Luba ambaye habari zake ni za kale kuliko bunduki, wachongaji wa Kichokwe walimpa gumegume mkononi. Walikipa heshima kile chombo, nao walijua kipande kimoja chake hakikutoka kwao.

Hapa nitajibiwa kwamba mitutu ya misafara nayo ilikuwa takataka, na sitabisha sana. Zile bunduki za lazarina zilizopandishwa kutoka Benguela, pwani ya Angola, zilibeba jina la Lazaro Lazarino, mfua mitutu wa Braga huko Ureno, ilhali nyingi zilitoka Liège nchini Ubelgiji, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Waliiga hata jina lake, wakaligonga juu ya chuma. (Anayelalamika leo kuhusu bidhaa bandia za mpakani ajue biashara hiyo ni ya zamani hapa.) Bunduki za biashara zilikuwa za bei nafuu, na sifa ya kupasuka ilizifuata. Lakini tazama tofauti. Mtutu mbaya wa Liège ulifuliwa na mtu aliyekusudia kufua mtutu: shina nene, mdomo mwembamba, tundu lililopekechwa. Alikosea katika kazi aliyoijua. Bomba la usukani halina hata kosa la namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyelikusudia. Tena jibu la dunia kwa mitutu mibaya lilikuwa kuipima kwa sheria. Kampuni ya mafundi wa bunduki wa London ilipata hati yake mwaka 1637. Liège ikawekewa sharti la majaribio mwaka 1672. Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Kanuni ni nyepesi kueleza: mtutu hushindiliwa kupita kipimo chake cha kawaida na kufyatuliwa pasipo mtu nyuma yake. Ukistahimili unagongwa muhuri, ukipasuka umepasuka hapo. Pupu hujaribiwa begani mwa mnunuzi.

Pingamizi linalorudiwa zaidi ni kwamba baruti ya kienyeji ni dhaifu, basi mtutu dhaifu unaitosha. Nalijibu kwa Selous. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Zambezi mwaka 1872 alitumia bunduki mbili za kushindilia zilizotengenezwa na Hollis wa Birmingham, za bei rahisi mno, pauni 6 kila moja, zenye tundu linalopokea risasi ya robo ratili. Kila bunduki ilikuwa na uzito wa ratili 12 na nusu tu, na huo ulikuwa uamuzi mbovu wa aina yake, kwani mateke yake yalimharibu mishipa ya fahamu kiasi kwamba aliyajutia maishani. Siku moja bunduki iligoma kuwaka, msaidizi akashindilia baruti na risasi juu ya zile zilizokuwemo, na safari hii ikawaka. Selous alirushwa hewani, ubao ukavunjika vipande, na yeye mwenyewe aliandika kuwa ajabu ni kwamba mtutu haukupasuka. Basi pima hapo. Baruti dhaifu hubaki dhaifu mpaka siku kipimo kinapozidi, na bunduki ya kushindilia haina kizuizi chochote cha kipimo kuzidi: giza, haraka, fataki iliyolowa, mtoto aliyetumwa kupakia. Mtutu hutengenezwa kwa ajili ya siku hiyo. Bunduki ya pauni 6 ilikuwa na mtutu wa kuiokoa roho ya mwenyewe.

Baadaye Selous alipopata uwezo alihamia kwenye Farquharson iliyotengenezwa na Gibbs wa Bristol, na bado ninaamini haijatengenezwa bunduki ya mlio mmoja nzuri kuliko ile. Hataza yake ni ya mwaka 1872: ukishusha wenzo kizibo kinashuka, ukiupandisha kinapanda na kuziba shina mithili ya mlango wa chuma katika fremu yake. Sitaieleza zaidi, wapenzi wake wanaijua. Ninachotaka kionekane ni majina yaliyomo ndani yake. Mtambo ni wa John Farquharson wa Uskoti, michirizi ya ndani ya mtutu ni ya William Metford, na kazi ya kuunganisha na kuuza ni ya Gibbs. Kila mtu alifanya alilolijua akamwachia mwenzake la mwenzake. Hadi leo fundi wa Ulaya au Marekani anayetengeneza bunduki moja kwa mteja mmoja, akachonga ubao wa mjozi kwa miezi na kutoza bei ya gari, mtutu huagiza kwa watu ambao kazi yao ni mitutu tu. Hakuna anayemcheka.

"Lakini zinapiga miaka na hazipasuki." Hili nalisikia kila mara, na ni hoja ya aliyehesabu waliobaki. Iliyopasuka haiji sokoni kusimulia. Zaidi ya hapo, chuma huchoka: ufa usioonekana huanza kwenye mshono, kila mlio unauongeza kidogo, na kutu inayoachwa na baruti nyeusi inaufuata ndani. Bunduki iliyopiga mara mia haijathibitisha kwamba itapiga mara mia na moja. Imetumia mia katika akiba ambayo hakuna aliyeihesabu.

Hoja pekee yenye uzito ni ile ya ufukara. Mtutu halali hauuzwi hapa, kibali ni safari ndefu ya ofisi na ada, na Ordonansi-Sheria ya Kongo ya mwaka 1985 kuhusu silaha haimruhusu mtu kutengeneza bunduki uani bila idhini ya serikali, wala sheria ya uwindaji ya 1982 haikumsahau. Kwa hiyo, husemwa, fundi afanyeje? Naielewa shida, siukubali mwisho wake. Kukosa mtutu hakujawahi kuugeuza usukani kuwa mtutu. Mfua vyuma wa Kichokwe naye alikosa mitutu. Alichofanya ni kutunza ile michache iliyokuwepo. Na huku kwetu, enzi za mfalme Msiri pale Bunkeya kabla ofisa Mbelgiji hajamwua Desemba 1891, Wayeke waliifanya shaba ya Katanga kuwa risasi pale risasi ya kawaida ilipoadimika. Huo ndio ubunifu wa ufukara ninaoupigia makofi: walibadilisha kile kinachotoka, hawakubadilisha kile kinachozuia. California imepiga marufuku risasi za madini ya risasi kwa uwindaji tangu Julai 2019, na wawindaji wake sasa wanalipa bei kubwa kwa risasi za shaba. Bunkeya hawakulipwa hata shukrani.

Linalouma ni kwamba mkono upo. Mitambo ya pupu zile za kwenye picha, kamani zilizokatwa kutoka springi za lori, nyundo zilizosuguliwa kwa tupa mpaka zikakaa mahali pake bila kucheza, ni kazi za watu ambao wangeweza kukaa benchi moja na yeyote. Hao hao wanatengeneza mapanga, majembe na kufuli zinazodumu. Kwa hiyo ukipita uani kwa fundi na akakuonyesha pupu, usisifu misumari wala ubao kwanza. Muulize lile bomba lilikuwa nini kabla halijafika kwake. Akikujibu usukani, mrudishie mikononi, agiza jembe.