Kitabu cha "Kuli" na Siku za Kungoja Meli

Tumekisoma tena kitabu cha Adam Shafi kiitwacho "Kuli," kilichopigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1979, tupate kuwajibu walimu watakaouliza kama chafaa kuwekwa shuleni. Chafaa, ingawa kina kasoro.

Habari zake ni za Rashidi wa Unguja. Baba yake, Majaliwa, alikuwa kuli bandarini, akafa. Na mwana naye akaingia kazi ile ile. Mgomo unaosimuliwa humo si hadithi tupu. Mwezi wa Agosti 1948 makuli wa African Wharfage Company waliacha kazi, na mwezi wa Septemba mji ukagoma pamoja nao. Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wametangulia mwaka 1947.

Yatupasa kukumbuka jinsi makampuni ya pwani yalivyokua. Meli za barua za British India zilianza kufika Unguja mwaka 1872. Mwaka 1877 Smith Mackenzie walikuwa mawakala wake mjini, na kadiri meli zilivyozidi, nyumba ile ya biashara ilienea hata Mombasa na kwingineko. Lakini meli haziji kwa zamu kama jua. Leo zatia nanga mbili, kesho bahari ni tupu. Basi siku ile tupu, ni nani aliyeilipia? Hapo ndipo penye fumbo lote la kazi ya bandari. Mwenye kampuni humwita kibarua siku ya shehena (na jina hilo, wasomaji, latokana na barua, yaani kile kijikaratasi cha kazi ya siku moja), na jioni hana tena hesabu naye. Hasara ya kungoja haiandikwi katika daftari la kampuni. Huvuka daraja kwenda Ng'ambo, ikaketi jikoni kwa mke wa kuli.

Uzuri wa kitabu ni kwamba kimeingia katika nyumba ile. Umaskini wa Bi Mashavu, mama yake Rashidi, watufundisha zaidi kuliko hotuba.

Na hotuba ni nyingi mno! Wale wanaomfumbua Rashidi macho husema kama wahutubu, hata tukadhani mwandishi hakuamini kwamba tumekwisha kuona wenyewe. Tena mabwana wa kazi wamechorwa waovu hata msomaji aweza kudhani kwamba bwana mpole angalitosha. La, hasha. Karani mpole kabisa angalimrudisha kuli nyumbani bila senti siku isiyo na meli. Yule mwenye shamba la mizabibu, katika Mathayo 20, aliwakuta watu sokoni saa ya kumi na moja, wasio na kazi kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, naye akawalipa dinari nzima, pamoja na saa zao za kungoja. Wenye meli hawakufanya hesabu ya namna hiyo.

Mwalimu atakayekisoma na darasa aanze na habari za nyumbani, ndipo afuatishe za mgomo. Na zile hotuba ndefu awaachie wanafunzi wazisome peke yao.