Japani Ilianza na Tai, Kiyoyozi Kikafuata

Joto la Tokyo mwezi Agosti halina tofauti kubwa na lile la Dar es Salaam mwezi Februari: nyuzi 30 na ushei, na unyevu unaogandisha shati mgongoni. Mtumishi wa serikali aliyefunga tai na kuvaa koti hawezi kustahimili hali hiyo bila kiyoyozi kikali. Kwa hiyo mwaka 2005, Itifaki ya Kyoto ilipokuwa imeanza kutekelezwa na Japani ikatakiwa kupunguza gesi zake zinazoongeza joto la dunia kwa asilimia 6 chini ya kiwango cha mwaka 1990, serikali haikuanza kwa kununua mashine mpya. Ilianza kwa kuwavua watumishi wake tai, ili ofisi ziachwe kwenye nyuzi 28.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua siku ambayo nje ni nyuzi 33. Chumba kikipozwa hadi 24, tofauti ya nje na ndani ni nyuzi 9. Kikiachwa kwenye 28, zinabaki 5. Joto linalopenya ukutani na kwenye vioo huenda sambamba na tofauti hiyo, hivyo hupungua kwa karibu nusu. Kompresa nayo hupata nafuu, maana pengo likiwa dogo inatumia umeme kidogo zaidi kuhamisha joto lilelile. Lakini jua linalopiga dirishani, kompyuta, taa na miili ya watu havijali namba iliyowekwa kwenye rimoti. Bili haishuki kwa nusu, na fundi anayekuahidi hivyo ana mashine ya kukuuzia.

Wahandisi wa majengo hupima pia mavazi, kwa kuangalia yanavyozuia joto lisitoke mwilini. Suti kamili huzuia takriban mara mbili ya shati la mikono mifupi na suruali nyepesi. Ukivua koti na tai, mwili huona kana kwamba chumba kimepoa kwa nyuzi 2 hivi, bila hata senti moja ya umeme.

Wazo hili lilikuwa limeshawahi kufeli. Mwaka 1979, bei ya mafuta ilipopaa, Waziri Mkuu Masayoshi Ohira alijitokeza hadharani amevaa suti ya mikono mifupi. Watu walicheka, na suti zikadoda. Lilikuwa vazi ambalo halikukubalika kazini wala halikufaa mapumzikoni. Yuriko Koike, waziri wa mazingira wa mwaka 2005, hakubuni vazi lolote. Alipunguza tu lililokuwepo. Kampeni ikaitwa Cool Biz, ikaanza Juni 1 hadi mwisho wa Septemba, na siku ya kwanza Waziri Mkuu Junichiro Koizumi akaja kazini na shati la Okinawa, kariyushi. Mwezi huohuo wakurugenzi wa makampuni makubwa walipanda jukwaani kama wanamitindo kwenye maonesho ya kimataifa ya Aichi. Watengenezaji wa tai walilalamika, na walikuwa na haki yao.

Kuwatanguliza wakubwa ndiko kulikokuwa ufundi wa mpango, kwa maoni yangu. Katika ofisi ya Kijapani mdogo hathubutu kuvua tai mbele ya mkubwa aliyeifunga. Waraka peke yake usingefua dafu. Hata kwetu nyuzi za kiyoyozi hupangwa na suti ya bosi, na karani hujiletea sweta.

Udhaifu ulikuwa kwenye namba. Sheria ya usafi wa majengo ya mwaka 1970 iliruhusu nyuzi 17 hadi 28, kwa hiyo 28 ilikuwa ukomo wa juu. Kampeni ikaigeuza kuwa lengo. Mwaka 2017 Masahito Moriyama, aliyekuwa ofisa wa Wizara ya Mazingira mpango ulipoanza, alikiri kwamba namba hiyo ilichaguliwa kwa kukisia tu. Utafiti wa Shin-ichi Tanabe wa Chuo Kikuu cha Waseda, uliofanywa kwenye kituo cha kupokea simu, ulionesha kazi ikishuka kwa karibu asilimia 2 joto lilipotoka nyuzi 25 hadi 26. Mishahara ya ofisi ni mikubwa kuliko bili yake ya umeme, kwa hiyo hasara hiyo ndogo inaweza kumeza akiba yote. Tena 28 ilikusudiwa kuwa joto la chumba. Ofisi nyingi zikaiweka kwenye rimoti, na aliyekaa dirisha la magharibi akaungua saa tisa alasiri.

Matokeo ya mwaka wa kwanza yalitangazwa kuwa tani 460,000 za kabonidayoksaidi zilizookolewa. Makadirio hayo yalitokana na kuwahoji watu kama ofisi zao zimepandisha nyuzi. Theluthi moja hivi walisema ndiyo. Hayakutoka kwenye mita.

Mita zilikuja kusema mwaka 2011, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima. Watumiaji wakubwa wa umeme katika maeneo ya Tokyo na Tohoku walilazimishwa kisheria kupunguza asilimia 15 wakati wa kilele. Wizara ya Mazingira ikaruhusu hata fulana za kola na raba. Kilele cha kampuni ya umeme ya Tokyo kilishuka kutoka takriban megawati 60,000 mwaka 2010 hadi 49,000 na kidogo. Lakini safari hii lifti zilisimamishwa, taa za korido zikazimwa, na viwanda vya magari vikafunga Alhamisi na Ijumaa ili vifanye kazi Jumamosi na Jumapili.